Vidole vya Mama Shuka

Swali la kwanza aliloulizwa Mama Shuka pale dirishani, kwenye ofisi ya viza, ni anakwenda kumwona nani. Akajibu hana wa kumwona. Binti wa dirishani, mwenye miwani myembamba na sauti ya mtu aliyeamka na mafua, akamuuliza kama basi ni mkutano, au mafunzo, au matibabu. Mama Shuka akasema hapana kwa la kwanza, hapana kwa la pili, na la tatu Mungu apishe mbali.

"Sasa unakwenda kufanya nini, mama?"

"Kutembea. Mimi ni mtalii."

Bwana mmoja mwenye suti kwenye dirisha la jirani aligeuka akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akakawia kidogo kwenye viatu. Vilikuwa viatu vizuri, vya kuazima, na vilimbana. Binti wa dirishani hakucheka, asisingiziwe. Lakini aliacha kuchapa, akaisoma fomu upya kana kwamba neno lile limeingia humo kwa bahati mbaya.

Dunia imepangwa hivyo, na haikujipanga yenyewe. Kuna watu wa kutazama na kuna watu wa kutazamwa. Mtu akitoka kule akaja huku na kofia yake na mafuta yake ya jua, hakuna anayemuuliza ana kitu gani cha kumrudisha kwao. Mama Shuka alikuwa amefua shuka za watu hao tangu hoteli ikiwa na ghorofa mbili mpaka ikaota saba, na hajawahi kusikia hata mmoja wao ameombwa barua ya mwajiri ya kuthibitisha kwamba atarudi. Yeye aliombwa. Aliombwa na taarifa ya benki, na tiketi ya kwenda na kurudi, na hoteli iliyokwisha kulipiwa, na bima ya kuugua, na picha ambayo ndani yake ilikuwa marufuku kutabasamu. Vyote alikuwa navyo ndani ya bahasha ya plastiki, vimenyooka kama foronya zilizotoka kwenye pasi.

Safari yenyewe ilikuwa ya upatu. Wanawake wa chumba cha kufulia walichanga kama wanawake wengine wanavyochanga, ila wao hawakununuliana masufuria. Siku moja mgeni wa ghorofa ya juu alirudisha shuka mara mbili kwa sababu ya mkunjo, na mwenzao anayepiga pasi, ambaye kwa joto la ulimi wake wanamwita Pasi, akatangaza kwamba amechoka kunyoosha safari za watu. Kila mzunguko, alisema, mmoja wetu aende. Si kutafuta kazi, si kwa ndugu. Aende alale hoteli, ashuke akute chai iko mezani, azungukezunguke aone wenzetu wanaishije, arudi atusimulie. Walicheka mpaka wakakaa juu ya matenga ya nguo chafu. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuchanga. Nchi waliichagua kwa sababu moja, kwamba wageni wengi walitoka huko. Kura ya kwanza ikamwangukia Mama Shuka. Wengine wote walikuwa nyuma yake wakisubiri zamu, na kila mmoja alijua kwamba mlango ukimfungia huyu, umewafungia wote.

"Haya mama, weka vidole vinne vya mkono wa kulia hapo kwenye kioo."

Akaweka. Kioo kikawaka kijani, kikatafakari, kikawa chekundu. Binti akampa karatasi laini afute. Chekundu. Akampaka mafuta kidogo kutoka kwenye kikopo. Chekundu tena. Akaambiwa abonyeze, akabonyeza, alegeze, akalegeza, mkono wa kushoto, dole gumba, kimoja kimoja. Foleni nyuma yake ikaanza kukohoa. Akaitwa mkubwa wa ofisi, ambaye aliushika mkono wa Mama Shuka bila kuomba, akaugeuza kama anayechagua nyanya, akaurudisha juu ya meza na kuondoka.

"Mama unafanya kazi gani?"

"Nafua."

"Na jana hii mikono uliitia nini?"

Jibu lilikuwa la mapenzi. Wenzake walisikia kwamba ataweka vidole kwenye kioo cha nchi ya watu, na hawakutaka aende na mikono yenye sugu na madoa. Wangekuwa watu wengine wangempa sabuni ya kunukia yakaisha. Hawa walijua kung'arisha, basi walimng'arisha. Walimlowekea mikono kwenye beseni la dawa ya kutakatisha shuka, wakamsugua kwa jiwe, wakamsuuza, wakamkamulia ndimu. Mikono ilitoka imetakata kama sahani, na Pasi akaiinua juu wote waione, wakapiga makofi.

Mama Shuka alipoyasimulia hayo, binti wa dirishani alivua miwani, akafumba macho kidogo.

"Vidole vyako havina kitu, mama. Mistari yote imekwisha. Mashine haioni mtu."

"Si niko hapa?"

"Mimi nakuona. Mashine ndiyo haikuoni."

Sheria ilikuwa na kipengele cha mtu asiye na vidole kabisa; huyo alisamehewa. Cha mtu ambaye vidole vyake vimeliwa na kazi hakikuwepo, kwa kuwa walioiandika sheria hawakuwahi kukutana naye, au walikutana naye akiwa amebeba shuka zao na hawakumwona. Mama Shuka alielezwa kwamba ana nafasi moja iliyobaki, mwisho wa mwezi. Ikishindikana, ombi linafungwa. Alipouliza kuhusu ada, binti alimwonyesha tangazo ukutani lililosema ada hairudishwi, lenye picha ya ndege inayopaa.

Kisha, mkubwa wake alipokuwa mbali, binti aliinama kwenye tundu la kioo akapunguza sauti. Alisema ngozi inarudi. Mafundi wa saruji hutoka pale bila mistari, wakarudi wanayo. Ila maji asiguse, sabuni asiguse, dawa ndiyo kabisa. Apake mafuta na aipumzishe mikono.

"Aipumzishe nani?" aliuliza Mama Shuka.

"Wewe, mama. Mikono yako."

Akakusanya makaratasi yake akatoka. Mpaka getini alikuwa bado anajaribu kufikiria mikono iliyopumzika inakaaje.

 

Mume wake alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilikuwa ndiyo baraza ya nyumba. Alisikiliza habari yote akiwa na misumari midogo kati ya midomo, akaitema mkononi, akacheka.

"Kumbe miaka yote nimelala na jambazi," alisema. "Mtu asiye na alama za vidole hata polisi wafanye nini."

Mama Shuka naye akacheka, maana utani wa mume wake ndio uliomfanya akubali posa yake. Lakini alikaa kwenye kochi lililopasuliwa, mikono ameilaza mapajani kama vitu vya kuazima, na fundi akaona kwamba mke wake anaiogopa. Akaacha kucheka.

Mtoto wao wa kiume, kijana mzima anayeuza makava ya simu na ambaye husoma kila kitu hadi maandishi ya chini, aliomba makaratasi ya viza akayapitia yote akiwa amesimama. Akatafuta na kwenye simu yake. Halafu akatoa hukumu: maji ya moto hapana, sabuni hapana, pilipili hapana, kusugua chochote hapana. Mafuta mara kwa mara. Ngozi ikilelewa vizuri kwa wiki kadhaa, mistari inachomoza.

"Sawa," alisema fundi. "Sasa vyombo ataosha nani?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa ndani ya nyumba ile, kwa sababu jibu lake siku zote lilikuwa limesimama jikoni limewapa mgongo. Sasa jibu lilikuwa limekaa kwenye kochi. Baba na mwana wakatazamana, kila mmoja akimheshimu mwenzake sana, akimpisha atangulie.

Wakaanza vibaya, kama inavyotarajiwa. Fundi aliosha sufuria kwa nje akaliacha ndani, akisema moto utamalizia. Kijana alifua shati jeupe na soksi nyekundu, akaenda sokoni amevaa shati la rangi iliyowafanya wateja wamuulize alikolinunua. Chakula kikawa aina moja, kinachotoka asubuhi kikiwa kibichi na jioni kikiwa kimeungua. Mama Shuka alikaa mlangoni pa jikoni akielekeza kwa kidevu, maana hata kunyoosha kidole mwanawe alimkataza, akisema wasivichoshe. Mara mbili alikutwa ameshika sifongo. Mara zote mbili alisema alikuwa anaitazama tu.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, fundi alimketisha mke wake dirishani penye mwanga. Akavaa miwani yake ya kushonea, akakishika kidole kimoja baada ya kingine, akakiinamia kama anavyoinamia kitambaa kutafuta nyuzi zinakoelekea. Hakusema maneno mengi. Alisema bado, au alisema hapa kwenye kidole cha shahada kuna kitu, kisha akampaka mafuta, taratibu, mpaka kwenye viungo. Mkono ule alikuwa ameushika siku ya ndoa na siku za misiba. Kuukagua hakuwahi, na alishangaa kuona ulivyo na makovu madogo ambayo hakujua hadithi zake.

 

Wifi yake Mama Shuka, dada mkubwa wa fundi, alisikia uvumi akaja kuona kwa macho. Alimkuta kaka yake amechutama uani, mikono imezama kwenye povu mpaka kwenye viwiko.

"Kaka, umeolewa lini?"

"Mwezi huu, dada. Karibu."

"Na huyo?" Alimwonyesha Mama Shuka kwa midomo.

"Huyo mtalii. Kafikia kwetu."

Wifi hakucheka. Alikaa, akakataa chai alipoona nani anaipika, akaanza kusema. Alisema wenzake wanaokwenda nje wanakwenda kutafuta, wakatuma pesa, wakajenga. Yeye anakwenda kutazama. Kutazama nini, majengo? Majengo yapo hapa. Na kwa ajili hiyo mwanaume wa watu ameshushwa hadhi, anaanua chupi uani majirani wakihesabu.

"Wifi," alisema Mama Shuka, "wale wanaokuja kutazama huku, kwao hakuna majengo?"

"Wale wana pesa za kuchezea."

"Na mimi nina za kuchezea. Nimezichanga na wenzangu. Nikitaka kuzilia nilie, nikitaka kuzichezea nicheze."

Wifi alisimama akasema kuna watu wakipata viatu vya kuazima wanasahau miguu yao. Akaondoka. Neno lile la viatu lilichoma, maana lilikuwa kweli. Jioni ile fundi alianika nguo ndani, kwenye migongo ya makochi ya wateja.

Ndipo ugomvi ulipotokea, kesho yake, mteja alipokuja kuchukua kochi lake akalikuta na ramani ya maji kwenye mto wa kiti. Alikata sehemu ya malipo, na fundi akaingia jikoni na kisirani chote.

"Wewe unakwenda kulala hoteli wiki moja," alisema. "Mimi kwa ajili ya wiki hiyo mwezi mzima nimekuwa..." Akalitafuta neno. Akatazama sufuria, akatazama kanga ya kufutia vyombo iliyokuwa begani mwake.

"Umekuwa nini?"

Hakulipata.

"Umekuwa mimi," alisema Mama Shuka.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akamwambia jambo ambalo hata Pasi hakuwahi kuambiwa: haendi kwa ajili ya majengo. Anataka kuamka mahali, atoke kitandani shuka zikiwa zimevurugika hivyohivyo, na aondoke. Afunge mlango, aende zake mjini, na asizifikirie. Anataka kujua huwa wanajisikiaje.

"Na ukinyimwa?"

"Nikinyimwa nitarudi chumba cha kufulia na wote watajua kwamba sisi hatupiti. Pasi hatajaribu. Hakuna atakayejaribu. Tutagawana zilizobaki tununue masufuria."

Fundi akalibeba beseni la nguo mbichi, akatoka nalo mpaka uani, akazianika kwenye kamba mbele ya majirani, moja moja, na kila nguo akiikung'uta kwanza ili isijikunje, kama alivyokuwa ameona ikifanywa miaka yote bila kujua kwamba ameona.

 

Kazini mambo yalikuwa na ugumu wake. Wenzake walimpa Mama Shuka kazi kavu tu, kuhesabu foronya na kufunga matita, na mikono wakamvisha mifuko ya mkate wakaifunga kwa mipira kwenye vifundo vya mikono. Msimamizi wa chumba cha kufulia, bwana mdogo mwenye funguo nyingi, aliingia akaiona.

"Hii nini? Mmefungua hospitali?"

Pasi hakuinua macho kwenye meza yake. Alimuuliza msimamizi simu yake anaifunguaje. Msimamizi akasema kwa dole gumba, kama watu wote. Pasi akaomba aione, na kwa kuwa msimamizi alipenda simu yake ionekane, akaitoa. Pasi akamwambia aiambie imjue na yeye, amwingizie kidole chake. Wakajaribu. Simu ikasema inua kidole, weka tena, inua, weka tena, kisha ikasema haiwezi. Akaja mwingine akafuta mkono akajaribu. Akaja mwingine. Wakapanga mstari pale kati ya mashine, wanawake wote wa zamu ile, na simu ikawakataa mmoja mmoja.

Kila mmoja alikuwa na simu iliyokataa kidole chake, na kila mmoja alikuwa ameamini ni kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi.

"Glavu zetu ziko wapi?" aliuliza Pasi.

Msimamizi akasema suala la glavu lilikwisha kupelekwa juu. Lilikuwa linapelekwa juu kila mwaka. Kwenye hesabu za hoteli glavu zilinunuliwa, zikachakaa, zikanunuliwa nyingine. Mikononi mwa mtu hazikuwahi kufika. Wazee wa chumba kile walikumbuka wasimamizi watano na ahadi tano, na waliweza kukutajia aliyetoa kila moja alikuwa amevaa nini. Msimamizi akaongeza kwamba mwenye haraka anaweza kujinunulia.

Wanawake wakaenda wakakaa juu ya matenga. Ilikuwa siku ambayo mabasi mawili ya wageni yalitarajiwa kabla ya saa za chai, na vitanda vya ghorofa tatu vilikuwa uchi. Mashine zikazunguka mpaka zikamaliza, zikapiga kengele zake, na hakuna aliyezifungua. Msimamizi alitoka, akarudi, akatoka, akarudi na mtu mwenye tai. Mwenye tai akauliza wanataka nini. Wakamwambia wanataka vidole.

Glavu ziliteremshwa kabla mabasi hayajafika. Zilitoka stoo ya hotelini hapohapo, ndani ya katoni lenye vumbi la kuandikika. Zilikuwa kubwa, za saizi ya wanaume, na ndani yake vidole vilipwaya. Walizivaa hivyohivyo wakafua.

 

Siku ya mwisho wa mwezi Mama Shuka alisindikizwa na mume wake, mwanawe, na Pasi ambaye aliomba ruhusa kwa kusema ana jino. Mlinzi aliwazuia getini, akaingia mwombaji peke yake. Safari hii alivaa viatu vyake mwenyewe. Wale watatu wakabaki upande wa pili wa barabara, wamesimama kama watu wanaosubiri mgonjwa.

Binti wa miwani alikuwepo. Hakuonyesha kumjua, kwa sababu mkubwa wake alikuwa amesimama nyuma yake, lakini alikifuta kioo cha mashine mwenyewe, kwa kitambaa chake mwenyewe, kabla ya kusema neno.

"Kulia, vinne."

Mama Shuka akaweka. Taa ya kijani ikawaka, ikakaa, ikatafakari. Akajiona anaomba dua kwa mashine, akaona aibu, akaendelea kuomba. Ikalia mlio mfupi. Kushoto, vinne. Mlio. Vidole gumba pamoja. Kioo kikawa chekundu.

Binti akasema arudie. Chekundu. Mkubwa akatazama saa yake akasema kanuni ni majaribio matatu. Mama Shuka aliuondoa mkono, akavitazama vile vidole gumba viwili, ambavyo ndivyo vilivyobana kila pindo la kila shuka kwa miaka yote ile, na kwa mara ya kwanza hakuvionea aibu mbele ya watu hawa. Aliona hasira. Ilikuwa hasira tulivu, yenye raha ndani yake, kama kuvua kiatu kinachobana. Waseme wanachotaka, alikuwa nayo mikono. Akavishusha kwenye kioo bila kubonyeza wala kulegeza, jinsi mtu anavyoweka mikono juu ya meza ya nyumbani kwake.

Mlio.

Mkubwa akaondoka kwenda dirisha jingine. Mama Shuka akauliza kama anaweza kuona. Binti akatazama kushoto na kulia, akageuza kompyuta kidogo. Kumbe vidole vyake vyote kumi vilikuwemo, vimejipanga, kila kimoja na mizunguko yake: kimoja kama maji yaliyodondokewa na kijiwe, kingine kama nywele zilizochanwa upande, na juu ya hicho cha shahada cha kulia kovu jeupe limekatiza mistari yote kama barabara.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, mama. Hakuna mwingine duniani."

Binti akaigeuza kompyuta upande wake tena, akagonga mihuri. Kisha, akimpa risiti, alimwonya kama anavyowaonya wote kwamba viza si mwisho. Akifika kule, pale uwanja wa ndege, mlangoni pa kuingilia, wataweka vidole vyake kwenye mashine nyingine, na lazima vifanane na hivi. Visipofanana anaweza kurudishwa na ndege ileile. Kwa hiyo avitunze.

Mama Shuka alimshukuru sana kwa maneno hayo. Aliyaweka moyoni, akatoka, na kule barabarani aliwaambia tu kwamba mashine imemwona. Pasi alipiga kelele moja mpaka mlinzi akasogea. Kisha akakumbuka lile jino, akashika shavu.

 

Pasipoti ilirudi baada ya siku chache, na ndani yake viza imebandikwa, inameremeta, na picha yake isiyotabasamu. Ilizunguka chumba chote cha kufulia ikishikwa kwa glavu. Mwenye zamu inayofuata aliishika muda mrefu kuliko wengine. Hata wifi aliletewa habari, akasema yeye tangu mwanzo alijua, na kwamba huko kuna baridi, atampa sweta lake.

Jioni hiyo nyumbani walikula kwa furaha. Kijana alikuwa amepika, na kilikuwa chakula cha kulika kabisa. Walipomaliza, sahani zilibaki mezani, na sufuria jikoni, na mlundo wa tangu mchana ndani ya karai. Fundi akaegemea, akajinyoosha, akashusha pumzi ya mtu aliyemaliza kifungo.

"Haya, mke wangu," alisema. "Tumevuka. Mikono imekwisha kazi, karibu jikoni kwako."

Mama Shuka hakuinuka. Alichukua kikopo cha mafuta akaanza kujipaka, kidole baada ya kidole, akasema ni kweli wamevuka, ila bado kidogo. Akaeleza kuhusu mashine ya kule uwanjani. Akaeleza kuhusu kufanana, na kuhusu kurudishwa na ndege ileile. Safari ilikuwa bado miezi miwili.

Fundi alimgeukia mwanawe. Mwanawe akasema ni kweli, ameisoma, ndivyo kanuni ilivyo.

"Na akisharudi je?" aliuliza fundi.

"Kutoka nako wanapima," alisema Mama Shuka haraka. "Na mimi nimeamua nitaomba tena mwakani. Wakiona vidole vimebadilika watasema si mimi."

Kijana, aliyeyasoma yale makaratasi yote hadi maandishi ya chini, alijua kwamba kutoka hawapimi. Alifungua mdomo. Akamwona mama yake amekaa, mikono inang'aa kwa mafuta chini ya taa, akaufunga. Akaanza kukusanya sahani.

Fundi alitazama karai. Alimtazama mke wake, ambaye hakuwa akimtazama yeye bali kidole chake cha shahada, akikigeuza kwenye mwanga. Uso wa fundi ulijaribu kukasirika ukashindwa katikati. Akasimama, akakunja mikono ya shati, ile sehemu ambayo sasa ilikuwa na alama ya kukunjwa daima.

"Maji ya moto yako wapi?" aliuliza.

"Hayapo," alisema Mama Shuka. "Yachemshe."